Sababu Isiyo na Mkono wa Mtu

Mtoto akianguka kifafa katika nyumba ya Kisauni au Likoni, hapa Mombasa, swali la kwanza huwa ni nani. Swali la nini huja baadaye, na mara nyingine haliji kabisa. Nani alimtazama kwa jicho la husuda siku ya akika, nani katika ukoo wa mama aliwahi kuanguka, nani ana kesi ya kiwanja na baba kule Mtopanga. Watu wazima wenye akili zao, waliosoma, wenye kazi bandarini na mashuleni, huketi barazani hadi usiku wa manane wakitafuta mkono wa mtu. Mimi siwadharau. Nataka kuelewa kwa nini swali hilo lina nguvu hivyo, na hutokea nini pale jibu la kweli linapokuwa halina mtu ndani yake.

Iko aina moja ya kifafa inayonifikirisha kuliko nyingine, kwa sababu haiutikisi mwili na kuuacha. Inaondoka na maneno. Tuseme ni mtoto wa Mtongwe, wa miaka mitano. Amekuwa akisema tangu yu mdogo: Kidigo na bibi yake, Kiswahili uchochoroni, Kiingereza cha chekechea akiimba namba. Halafu, ndani ya wiki chache, anaacha kuitika. Mama anamwita kwa nyuma, hageuki. Anaambiwa alete kikombe, anamtazama mama mdomoni kama aliyesemeshwa lugha asiyowahi kuisikia. Lakini honi ya feri ikilia anageuka, na sufuria ikianguka jikoni anashtuka. Masikio yapo. Baadaye maneno yake mwenyewe yanaanza kupungua. Yanabaki mawili matatu, kisha inabaki sauti. Katikati ya hayo, usiku mmoja, mdomo unapinda upande, mate yanatiririka, mkono mmoja unarukaruka kwa muda wa dakika mbili, kisha analala fofofo. Asubuhi hakuna anayejua lipi limeleta lipi.

Kabla ya hospitali kuna majina mengi ya kumpa mtoto huyu. Mwalimu atasema ni kiziwi. Shangazi atasema ni mkaidi, amedekezwa. Wengine watasema ni pepo, au ni nyuni, ndege anayetajwa na Wamijikenda tangu zamani kuwa ndiye anayewashika watoto wachanga na kuwatikisa. Jina la ukaidi ndilo linaloniuma zaidi, maana ndilo linalomletea mtoto fimbo. Anapigwa kwa kutolitii neno ambalo halikumfikia.

Mwaka 1957, katika mji wa St. Louis nchini Marekani, daktari wa mishipa ya fahamu William Landau na mtaalamu wa matamshi Frank Kleffner, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya watoto viziwi, waliandika habari za watoto sita wa namna hii. Walikuwa watoto waliokuwa wakisema vizuri, wakapoteza lugha, na pamoja na hayo wakawa na degedege au alama za kifafa katika kipimo cha ubongo. Hali hiyo ikabeba majina ya mabwana hao wawili. Mara nyingi huanza kati ya miaka mitatu na minane. Wako watoto ambao hawaanguki hata siku moja. Kifafa chao kiko ndani tu, kinaonekana kwenye mashine na hakionekani sebuleni. Na kinaonekana zaidi mtoto akiwa usingizini.

Kipimo chenyewe huitwa EEG, na hakichomi sindano wala hakina mionzi. Ila kina taabu yake, na taabu hiyo huanzia nyumbani. Kama ni mtoto wa kike, usiku wa kuamkia kipimo mama humfumua misuko mmoja baada ya mwingine, humwosha kichwa kwa sabuni na asimpake mafuta, kwa sababu visahani vidogo vya chuma vinataka kushika ngozi tupu. Kisha mtoto hukeshezwa. Mtu mmoja anampigia hadithi hadi saa nane, mwingine anachukua zamu mpaka alfajiri, ili akifika hospitali alale palepale huku waya zimemjaa kichwani na mashine ikiandika. Mtoto akishasinzia, ile mistari iliyokuwa ikienda taratibu huanza kuruka juu kwa ncha kali, moja nyuma ya nyingine, na kwa baadhi ya watoto haikomi muda wote wa usingizi. Usingizi ndio wakati ubongo unapoyatuliza yale yaliyoingia mchana, maneno yakiwemo. Mtoto huyu ni kama mwenye duka anayejaribu kupanga bidhaa zake usiku huku umeme unakatika na kurudi kila sekunde. Asubuhi akifungua mlango hajui kitu gani kiko rafu gani.

Kwa zaidi ya miaka 50 watu walijua hali hiyo ikoje bila kujua inatoka wapi. Kisha mwaka 2013 timu tatu za watafiti zilitangaza kwa pamoja, katika jarida moja la sayansi ya urithi, kwamba zimekuta mabadiliko katika jeni moja iitwayo GRIN2A kwa sehemu ya watoto wenye kifafa kinachoandamana na upotevu wa lugha. Timu moja iliyakuta kwa watoto wasiofika 10 katika kila 100, nyingine kwa 20. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya 16. Kazi yake ni kutoa maelekezo ya kutengeneza kipande cha mlango ulioko kwenye ukuta wa chembe za ubongo, mlango unaofunguka chembe moja inapopelekewa ujumbe na jirani yake, na ambao ubongo unautegemea sana katika kujifunza na kukumbuka. Maelekezo ya mwili wa mtu mzima yana herufi kama bilioni 3. Hapa imebadilika herufi moja. Mlango unakaa wazi kupita kiasi, au haufunguki, au haujengwi kabisa. Baadaye ilionekana pia kuwa watu wenye mabadiliko katika jeni hii wanaweza kuwa na matamshi mazito, ulimi na midomo visivyoafikiana, hata wale ambao kifafa chao kilikwisha zamani au hakikuwahi kuonekana.

Hiyo ndiyo sababu. Naiweka mbele ya watu wa barazani na kuwauliza: je, imejibu swali lenu?

Nadhani haijajibu, na ndipo fikra yangu inapoanzia. Sisi tunapouliza sababu, kwa kawaida tunatafuta mhusika. Mhusika ana faida kubwa. Kama kuna aliyefanya, basi kuna la kufanya: kuna kupatana, kuna kafara, kuna kuzinguliwa, kuna kombe la kunywa na hirizi ya kufunga. Tena kuna jambo jingine ambalo halisemwi wazi. Kurogwa kunaumiza, lakini ndani yake umo umuhimu; yupo mtu aliyekaa akakuwaza hadi akakudhuru. Maumivu yako yana anwani. Herufi iliyobadilika haikumuwaza mtu yeyote. Haikumchagua mtoto huyu wa Mtongwe ikamwacha wa jirani kwa sababu ya jambo lolote ambalo mama yake alilitenda. Kwa mzazi aliyekesha mwezi mzima, habari hiyo inaweza kuwa baridi kuliko uchawi. Daktari anayeitoa kwa furaha, akidhani amemtua mama mzigo, asishangae mama akilia.

Na bado naamini kwamba kuipokea sababu ya namna hii, sababu isiyo na mkono wa mtu, ni kazi ya kiroho tunayopaswa kuifanya, hasa kwa ajili ya wanawake wetu. Kwani mkono unapotafutwa, hautafutwi sawasawa pande zote. Angalia unapoangukia. Mavyaa atauliza mkwewe alikula nini mimba ikiwa ya miezi mitatu, alipita wapi magharibi, alioga bahari gani. Wifi atakumbuka kuwa kuna mjomba wa bibi harusi aliyekuwa akianguka. Baba ataambiwa na rafiki zake, kwa upole, kwamba bado ni kijana na anaweza kujaribu kwingine. Wako wanawake waliorudishwa kwao na mtoto mgongoni kwa ajili ya herufi moja ambayo hawakuiandika.

Tena hiyo herufi, mara nyingi, mama hanayo kabisa. Kila mtoto anayezaliwa duniani, mzima na mgonjwa, huja na mabadiliko mapya kama 60 au 70 ambayo hayamo kwa baba wala kwa mama. Yametokea wakati mbegu au yai linatengenezwa. Karibu yote hayana madhara. Mara chache sana moja huangukia mahali kama GRIN2A. Na katika mabadiliko hayo mapya, takriban manne katika kila matano hutokea upande wa baba, na huongezeka kadiri baba anavyozeeka. Silisemi hili ili lawama ihamishwe kutoka kwa mke iende kwa mume. Nalisema kwa sababu mtaa mzima umekuwa ukiangalia upande mmoja, na upande huo hauna hatia.

Hata hivyo elimu hii nayo ina hatari yake. Pwani hatuozi bila kuulizia ukoo. Kabla posa haijapokewa, wazee hutuma watu wakaulize taratibu: kuna ukoma, kuna wazimu, kuna kifafa? Jeni ikiingia mtaani na kukutana na desturi hiyo, inaweza kugeuka ikawa mkono wa mtu uliovaa koti jeupe. Badala ya kusema “wamerogwa” watasema “wanayo damuni,” na safari hii watadai sayansi imewaunga mkono. Binti mzima, mwenye afya, atakosa mchumba kwa sababu ya kaka yake mdogo.

Sayansi haikuwaunga mkono. Ziko familia ambamo badiliko moja la GRIN2A limepita kwa watu kadhaa: mmoja alipoteza lugha kabisa, wa pili alikuwa na degedege la usiku utotoni likaisha lenyewe alipobaleghe, wa tatu anasema kwa ulimi mzito tu, wa nne hana chochote na asingejua kama asingepimwa. Herufi ni ileile. Kuwa nayo hakuamui mtu atakuwa nani. Anayetaka kuchuja wachumba kwa kigezo hicho atawatupa wazima wengi, na atawapokea wengi wenye mabadiliko yao wenyewe ambayo hakuna aliyewahi kuyatafuta.

Tusikimbilie pia kusema kila kifafa ni jeni, hasa kwetu. Kilomita kama 60 kaskazini ya Mombasa, pale Kilifi, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilichoanzishwa mwaka 1989, na watu wake wamewafuatilia watoto wa pwani kwa miaka mingi. Walionyesha kuwa malaria kali, ile inayomfikisha mtoto kuzimia, huwaacha baadhi ya waliopona na kifafa, na wengine na upungufu wa lugha unaoonekana miaka kadhaa baadaye darasani. Mwaka 2013, mwaka uleule wa GRIN2A, utafiti uliofanywa Kilifi pamoja na Ifakara nchini Tanzania, Iganga na Mayuge nchini Uganda, Kintampo nchini Ghana na Agincourt nchini Afrika Kusini ulionyesha kuwa kwa watoto, jambo lililofungamana na kifafa kwa nguvu kuliko yote ni shida ya kunyonya, kulia au kupumua mara baada ya kuzaliwa. Maana yake ni kwamba baadhi ya vifafa vyetu vinaanzia kwenye chumba cha kuzalia, kwa uchungu uliochukua siku mbili na gari lililochelewa. Hapo hakuna uchawi wala jeni. Kuna barabara, kuna wakunga wachache, kuna feri iliyokwama. Hapo mkono wa mtu upo kweli, ila ni mkono wa wengi, nao haupigiwi ramli, unaulizwa kwenye bajeti ya kaunti.

Kwa hivyo nikimsikia mtu akisema sababu ni moja tu, iwe pepo au jeni, namwogopa sawasawa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikaa moyoni kuliko yote. Maabara zinaposoma jeni za mtoto, majibu hayaji kwa namna mbili tu, ndiyo na siyo. Kuna jibu la tatu, nalo ni la kawaida sana: limeonekana badiliko, lakini maana yake haijulikani. Karatasi huandika hivyo waziwazi. Na jibu hilo huwapata watoto wa Kiafrika zaidi kuliko watoto wa Ulaya. Si kwa sababu jeni zetu zina fumbo. Ni kwa sababu wengi wa watu ambao jeni zao zimesomwa na kuwekwa katika hazina za dunia wana asili ya Ulaya. Herufi ngeni ikionekana kwa mtoto wa Changamwe, mtaalamu hufungua hazina hizo kuangalia ni watu wangapi wazima wanayo. Akiikuta kwa maelfu ya watu wazima, anajua haina neno. Asipoikuta, hawezi kujua kama ni adimu kwa kuwa inaua mlango wa ubongo, au ni adimu kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwapima Wadigo, Wagiriama, Wataita na Wakamba wa kutosha.

Nimelitafakari sana jambo hili. Herufi ile ile, ndani ya mtoto yule yule, haina maana leo na itakuwa na maana baada ya miaka kumi, bila yenyewe kubadilika hata chembe. Kitakachobadilika ni jamaa waliosimama kuizunguka. Herufi peke yake haisemi. Husema ikiwa kati ya wengine waliosomwa. Ndiyo maana mradi uitwao NeuroDev, unaofanywa Kilifi na Cape Town kwa ushirikiano na taasisi ya Broad ya Marekani, unanipa moyo. Ulipangwa kukusanya habari za Waafrika zaidi ya 5,000: watoto wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo, watoto wasio nayo, na wazazi. Hao wasio na tatizo hawamo kwa bahati mbaya. Mtoto mzima anayetoa mate kidogo kwenye kichupa anamsaidia mwenzake asiyemjua apate maana.

Nami naona hivyo hivyo kwa yule mtoto aliyepotewa na maneno. Sauti anayoitoa haina maana kwa mgeni. Konda wa matatu ataisikia kama kelele. Lakini dada yake anajua kwamba ile ya puani, inayopanda mwishoni, ni maji. Na kwamba akishika shingo ya mtu kwa mikono miwili anataka kwenda nje. Na kwamba akigeuza macho upande wa kushoto na kulambalamba midomo, aondolewe karibu na jiko mara moja. Hakuna kamusi iliyoandikwa. Maana iko kati yao, imejengwa na watu waliokaa naye kwa muda wa kutosha. Aliyewahi kuketi katika nyumba kama hiyo hawezi tena kusema kwamba mtoto huyu hana lugha. Anayo, wasemaji wake ni wachache tu.

Idadi hiyo inaweza kuongezwa. Kwa kuwa kilichofungwa ni njia ya sauti kuingia kwenye maana, njia ya macho mara nyingi hubaki wazi, na watoto wenye ugonjwa wa Landau na Kleffner wamefundishwa lugha ya ishara wakaishika. Kwetu Kenya Lugha ya Ishara imetajwa katika Katiba ya 2010: kifungu cha 7 kinaitaka serikali iikuze, na kifungu cha 120 kinaiweka kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mtoto asiye kiziwi anayehitaji ishara huwachanganya watu. Shule ya viziwi husema anasikia, ya kawaida husema hasikii. Anabaki nyumbani, na kila mwaka unaopita bila lugha yoyote ni mwaka ambao ubongo wake haurudishiwi. Wazazi wengine husita kwa hofu kwamba akizoea mikono hatarudi kusema. Hofu hiyo naielewa, lakini anayengoja lugha moja irudi huku akimnyima nyingine anamwacha mtoto mpweke kwa miaka ambayo angeweza kuwa na marafiki.

Watu wa dini wataniuliza, na Kadari je? Mimi naona anayeamini Kadari kwa dhati ana nafasi nzuri zaidi ya kuipokea jeni kuliko anayeamini jirani yake ni mchawi. Kadari haimtaji jirani. Haimwambii mja hekima iko wapi, lakini inamkataza kuwatuhumu waja wenzake bila ushahidi. Waislamu wanaisoma katika Bukhari na Muslim habari ya mwanamke mweusi aliyekuwa akianguka kifafa, aliyekwenda kwa Mtume kumwomba amwombee. Aliambiwa achague: asubiri naye atapata Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri. Kisha akaongeza ombi moja: kwamba anapoanguka nguo humfunuka, basi aombewe asifunuke. Akaombewa. Ninachokiona katika habari hiyo ni kile ambacho hakimo. Hakuna aliyemuuliza ana pepo gani, wala ukoo wake, wala amemkosea nani. Naye hakuuliza kwa nini yeye. Alichokitaka, baada ya subira, ni sitara. Mwombe mtu yeyote wa Likoni anayeishi na kifafa akutajie linalomtisha zaidi. Wengi hawatataja kifo, watataja kuanguka mbele za watu kwenye foleni ya feri, nguo zimelowa, simu zimeinuliwa zinapiga picha.

Wakristo nao wana sura ya 9 ya Marko, ambapo baba anamleta mwanawe mwenye pepo bubu: mtoto hasemi, huanguka, hutoa povu, husaga meno, hutupwa motoni na majini. Kifafa na kukosa maneno vimewekwa pamoja katika mtoto mmoja. Yesu, kabla ya kumponya, anamuuliza baba ni tangu lini hali hii, naye anajibu tangu utotoni. Daktari yeyote wa watoto angeanza na swali hilohilo. Na katika sura ya 9 ya Yohana, wanafunzi wanapouliza kuhusu kipofu kama aliyetenda dhambi ni yeye au wazazi wake, jibu ni kwamba si yeye wala wao. Ajabu ni kwamba swali la wanafunzi ndilo lililoenea mitaani kwetu, misikitini na makanisani, na majibu waliyopewa watu wale yamebaki vitabuni.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wenye kifafa ni watu milioni 50 hivi, karibu 80 katika kila 100 wakiwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetibiwa ipasavyo. Kujua aina ya kifafa kunaingia hapa kwa njia ya moja kwa moja. Dawa ya kabamazepini, ambayo inapatikana sana kwetu na kuwasaidia wengi, inaweza kuzidisha hali kwa baadhi ya watoto ambao mawimbi yao huruka usingizini, na vilevile kwa wenye kifafa cha Dravet, kinachotokana zaidi na jeni iitwayo SCN1A. Mzazi asisimamishe dawa kwa sababu amesoma hili. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika. Ila anayo haki ya kumuuliza daktari, kwa heshima na bila woga: mtoto huyu amepoteza maneno, je, dawa hii inamfaa? Na amwonyeshe video ya usiku aliyoipiga kwa simu, maana sekunde 40 za video zinamweleza daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Linabaki swali ambalo wazazi huliuliza wakiwa wawili tu, baada ya wageni kuondoka. Tuzae tena? Baraza haliwezi kuwajibu. Mchawi aliyefanya mara moja anaweza kufanya tena au asifanye, na mganga atasema lolote linalomfaa. Hapa sababu isiyo na mkono wa mtu ina jibu, nalo linahesabika. Kama badiliko ni jipya, limeanzia kwa mtoto na halimo kwa wazazi, uwezekano wa mdogo wake kuwa nalo ni kama 1 katika 100. Kama mmoja wao analo, ni nusu kwa nusu kwa kila mimba, na hata akilirithi hakuna anayeweza kuahidi kama atapoteza maneno, au atasema kwa uzito kidogo, au hataonyesha chochote. Hesabu hiyo haiwaambii wafanye nini. Wako watakaoisikia 1 katika 100 na kuogopa. Wako watakaosikia nusu kwa nusu na kusema Bismillahi. Lakini wataamua wakiwa upande mmoja, mume na mke, bila mmoja wao kukaa kitini kama mshtakiwa.

Kipimo cha jeni bado hakiko katika hospitali nyingi za kwetu, na gharama yake inamshinda mtu wa kibarua. Hilo ni la kudaiwa. Lakini mavyaa wa Bombolulu hahitaji maabara ili aache kumuuliza mkwewe alipita wapi magharibi. Hilo anaweza kulianza leo.